Utafiti wa Zuhura na Viatu Vyangu

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe.

(Si nguo hasa. Ni viatu. Na nilivivua mwenyewe, ndiyo maana inauma.)

Niko kwenye kibanda cha intaneti hapa Njombe mjini. Nawaandikia ninyi watatu niliosoma nanyi chuo kwa sababu mnajua nilivyo. Mnajua mtihani wa mwisho niliponea chupuchupu. Mnajua kompyuta nimeigusa kwa mara ya kwanza mwaka jana. Kwa hiyo nitaeleza kama ilivyokuwa, bila kujipendelea. Nikijipendelea mahali, nitasema.

Mwaka jana shule yetu ililetewa kompyuta tatu za msaada, pamoja na programu inayosoma maandishi kwa sauti. Unaandika, yenyewe inakusomea ulichoandika. Mwalimu Mkuu akatutazama walimu wote, akanichagua mimi. (Nilikuwa nimekaa karibu na mlango.) Akanipa kazi ya kuwafundisha darasa la sita kuandika utafiti mdogo: swali lako, ulivyotafuta jibu, nani kakuambia, umepata nini. Mimi mwenyewe sijawahi kuandika utafiti tangu nizaliwe! Nikasoma kijitabu, nikatunga sheria tatu, nikaziandika ubaoni. Ukimtaja mtu, mhoji kwanza. Kila jambo liwe na chanzo. Matokeo hayabadilishwi, hata yakimuudhi mtu.

Ile ya tatu niliipigia mstari. Mara mbili.

Watoto walizipokea sheria zile kama wamezisubiri maisha yao yote. Mmoja akachunguza kwa nini bibi yake anachanganya majivu na mahindi ya akiba. Mwingine akachunguza nani anamaliza mapeasi ya mchungaji, na kwenye chanzo akaandika: "Mimi mwenyewe, nikiwa juu ya mti." Nikampa alama zote. Chanzo ni chanzo.

Halafu kuna Zuhura. Ana miaka kumi na mitatu, na macho yake yanaona mwanga na vivuli, basi. Programu ile ni kama ilitengenezwa kwa ajili yake. (Kwa kweli ilitengenezwa kwa watu kama yeye, sisi wengine tunadandia.) Nilimbandikia punje za ulezi kwa gundi juu ya baadhi ya vitufe, avipate kwa kupapasa. Siku moja kuku wa mlinzi akaingia akadonoa M na N. Nikabandika upya, na siku hizi tunafunga mlango.

Kasoro ya programu ni moja. Imetoka ughaibuni na Kiswahili hakuna aliyeifundisha. Inakisoma kwa sauti nzito ya mzee wa Kizungu, kama mmisionari aliyeshuka juzi. Maneno yote unayaelewa, ila unakaa wima bila kuambiwa.

Sasa baba yake Zuhura. Bwana Shabani ni msafirishaji wa Makambako, mwenye Fuso mbili. Si mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu leo nilimwogopa na naweza kumwandika vibaya. Shule aliyosoma Zuhura mwanzo, mwalimu alikuwa anamwandikia kazi zote, halafu anampa alama nzuri. Baba akafurahi miaka mitatu. Siku moja akamuuliza mtoto herufi ya kwanza ya jina lake ni ipi. Mtoto hakuijua. Ndipo alipomhamishia kwetu, anakaa kwa shangazi yake hapa Njombe. Lakini walimu hawaamini tena, na mimi ningekuwa yeye nisingewaamini.

Wiki iliyopita alipita shuleni, akaniambia taratibu tu, bila ugomvi:

"Mwalimu, siku ya kikao cha wazazi nitakuja. Nikiona kazi yake, nikaamini ni yake, abaki. Nikinusa mkono wa mwalimu humo ndani, narudi naye Makambako siku hiyohiyo. Bora akae nyumbani na mama yake kuliko nidanganywe mara ya pili."

Zuhura alikuwa upande wa pili wa mlango. Alisikia. Huwa anasikia.

Basi nikaapa kazi yake sitaigusa. Sikuisoma hata mstari mmoja. Nilijua swali lake tu: "Shuleni kwetu nani hufika wa kwanza na nani hufika wa mwisho?" Nikasema moyoni, swali zuri, halina madhara. (Mungu wangu!)

Haya, leo.

Jana nilikwenda Makambako kuazima spika kwa dada yangu, kwa sababu za kompyuta zinanong'ona tu na wazazi wangekuwa wengi. Nikalala huko. Asubuhi basi likawa linasubiri abiria. Nikafika shuleni nimechelewa saa nzima. Kwa haki, nusu saa ilikuwa ya basi. Nusu saa nyingine ilikuwa ya kwangu, nilikuwa nakunywa chai na dada akawa na habari nyingi.

Hapa lazima niwaambie siri yangu, kwa kuwa si siri tena.

Korido ya shule yetu ni ya saruji. Ofisi ya Mwalimu Mkuu iko mwanzoni kabisa, mlango wazi mwaka mzima. Na mimi viatu vyangu ni vile vya kisigino, mnavikumbuka, vinavyolia ko! ko! ko! hadi ng'ambo ya uwanja. Kwa hiyo siku nikichelewa navivua pale kwenye bomba la maji, navitia kwenye mkoba, napita na soksi, navaa nikishaingia darasani. Nimefanya hivyo miaka miwili. Hakuna aliyejua! Mwalimu Mkuu hainui hata kichwa. Anakohoa tu, masikini, baridi ya Njombe inamsumbua kifua. Nilishampelekea tangawizi mara mbili.

Leo nikavua kama kawaida, nikidhani wazazi bado hawajafika. Mkoba ulikuwa umejaa, nikavitumbukiza kwenye mfuko wa spika. Nikapita. Kimya. Leo hata kikohozi hakuna, nikashukuru. Nikafungua mlango wa darasa.

Wazazi wote wamekaa. Kamati ya shule imekaa. Mwalimu Mkuu amekaa mbele. (Ndiyo maana kikohozi hakikuwepo ofisini!)

"Mwalimu," akasema, "tunakungoja wewe."

Nivae viatu saa ngapi? Nikakimbilia nyuma ya meza, ambayo kwa bahati imezibwa mbele kwa mbao. Nikaweka mfuko juu yake, nikatoa spika, nikaunganisha. Mguu wa kulia nilikuwa na soksi ya kahawia. Wa kushoto nilikuwa na ya bluu, ya mume wangu, na kidole gumba kilikuwa kimetoka nje kuangalia hali ya hewa. Nikajiambia: hapa sitoki mpaka mzazi wa mwisho aende kwao.

Zuhura akakaa kwenye kompyuta. Akapapasa punje zake za ulezi. Akabonyeza.

"Shikamooni wazazi wetu," ikasema ile sauti ya kimisionari, nzito, kwa spika za dada yangu ambazo huwa zinapigiwa muziki harusini.

Mzee Nyagawa akasimama. Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa, ujana wake aliutumia kulima bustani ya misheni. Kofia akaivua.

"Hapana, hapana, hapana. Mzee kama huyu atuamkie sisi?" Akazigeukia spika. "Shikamoo, Bwana." Akaongeza na salamu ya huku kwetu: "Kamwene."

Wazazi nao wakaamkia. Darasa zima! Zuhura akaisimamisha sauti kwa adabu, ili isije ikakatiza salamu za watu.

"Mzee," nikasema, "hiyo ni mashine."

"Najua ni mashine, Mwalimu. Mimi si mjinga. Lakini anayesema ndani yake ni mtu mzima."

Kwa haki, hapo alisema kweli. Sauti ile lazima ilitoka kwa mtu fulani, mahali fulani, na inaelekea ana wajukuu.

"Basi kila mtu anyamaze," akasema Mzee Nyagawa, akakaa, fimbo katikati ya magoti. "Mzee aseme mpaka amalize."

Wakanyamaza. Sauti ikaendelea. Zuhura alikuwa ameandika kwamba kwa siku ishirini alikaa kwenye ngazi ya darasa tangu kabla ya kengele mpaka wa mwisho afike, akasikiliza hatua za watu. Kwamba kila mtu ana hatua zake. Kwamba wa kwanza ni mlinzi, kwa sababu buti lake moja ni kubwa kuliko mguu na linapiga kofi. Wa pili ni Mwalimu Mkuu, funguo zinalia mfuko wa kushoto, isipokuwa Jumatatu, ambapo zinalia mfuko wa kulia kwa kuwa anavaa suruali nyingine. Mwalimu Mkuu akashika mifuko yake yote miwili. Wazazi wakatazamana. Mama mmoja akanong'ona, "Mtoto huyu!"

Mimi nikavimba kwa furaha. Nikasahau miguu.

Ndipo Bwana Shabani akainuka, akaja mpaka kwenye meza yangu, akainama. Akanong'ona kwa ajili ya kumheshimu mzee wa kwenye spika.

"Mwalimu. 'Chanzo.' 'Matokeo.' 'Isipokuwa.' Haya ni maneno ya mtoto?"

"Nimewafundisha darasani, Bwana Shabani. Kazi sijaigusa. Haki ya Mungu."

"Hata yule wa kwanza aliapa."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuchoka. Akarudi kwenye kiti cha Zuhura, akauokota mkoba wake wa madaftari, akaushika kwa kamba. Zuhura akasikia ile kamba. Nilimwona shingo ikikakamaa. Lakini hakugeuka, mikono yake ikabaki kwenye vitufe.

Sauti ikasema: "Matokeo namba tano. Mwalimu wetu wa darasa."

Huyo ni mimi.

"Mwalimu wetu hufika wa mwisho. Katika siku ishirini, alifika wa mwisho siku kumi na tatu. Siku hizo viatu vyake husikika mpaka kwenye bomba la maji. Baada ya bomba havisikiki. Husikika soksi."

Jamani!

Nilijirusha juu ya ile meza. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Yaani kile nilichoamini ni cha kusimamisha. Kumbe ni cha kurudia.

"Mwalimu wetu hufika wa mwisho," ikasema sauti.

Nikabonyeza tena.

"Mwalimu wetu hufika wa mwisho."

Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. (Sijui nilifikiri nguvu itasaidia nini.)

"Mwalimu wetu hufika wa mwisho."

Kama kiitikio! Nilikuwa najiimbisha mwenyewe!

Fimbo ikagonga sakafu. "Mwalimu!" Mzee Nyagawa alikuwa amekunja uso kabisa. "Unamkata mzee kauli?"

"Mzee, ni hitilafu, kuna hitilafu kidogo..."

"Hitilafu gani? Anasema vizuri kabisa. Mwache amalize."

Ningefanya nini? Nikaondoa mkono. Darasa la sita lote lilikuwa limeshika midomo.

Sauti ikaendelea, polepole, na uchungaji wake wote: "Nilimhoji mwalimu kama sheria ya kwanza inavyosema. Nikamuuliza, kwa nini mtu avue viatu ndani ya shule? Akajibu, labda vinambana. Chanzo: mwalimu mwenyewe, Jumanne, akisahihisha madaftari."

Nilikumbuka! Nilikumbuka ile Jumanne! Nilimjibu bila kuinua kichwa, na nikamwambia, "Swali zuri, mwanangu, endelea hivyohivyo." Akaendelea hivyohivyo.

"Siku mwalimu akipita bila viatu, Mwalimu Mkuu hukohoa mara mbili. Siku akipita na viatu, Mwalimu Mkuu hakohoi. Mwisho wa matokeo."

Vichwa vyote vikamgeukia Mwalimu Mkuu. Akatazama dari. Akakohoa. Mara mbili.

Miaka miwili! Miaka miwili alikuwa anajua! Na ile tangawizi alikunywa!

Watu walikuwa wanataka kucheka lakini Bwana Shabani bado amesimama na mkoba mkononi, kwa hiyo hakuna aliyethubutu.

"Zuhura," akasema. "Nani kaandika haya?"

"Mimi, baba."

"Mwalimu ameyasoma?"

"Hajayasoma. Angeyasoma asingebonyeza kile kitufe."

Akanigeukia mimi. "Mwalimu. Ni kweli hayo?"

Hapa nataka niwe mkweli kwenu kuliko mahali pengine pote. Nilifikiria kukataa. Si kwa muda mrefu, kwa pumzi moja. Nilijiambia, mtoto haoni, lililopo ni neno lake na neno langu, na mimi ni mwalimu. Wangeniamini mimi. Na ningekwenda nyumbani na heshima yangu, na yeye angekwenda Makambako. Nikaangalia ule mkono kwenye kamba ya mkoba. Nikaangalia vidole vya Zuhura juu ya ulezi wangu.

"Ni kweli," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbuzi. "Ila si siku kumi na tatu. Ni kumi na mbili. Siku moja nilimpeleka mwanangu kliniki, nilikuwa na ruhusa."

"Siku ya kliniki ulikuja saa nne, mwalimu," akasema Zuhura kwa upole, "na ukavua pia. Na matokeo hayabadilishwi."

Aliyeipigia sheria ile mstari mara mbili ni nani? Ni mimi.

"Na leo?" akauliza Bwana Shabani. Nadhani alikuwa anampima mtoto. Nadhani hakutaka kuniua.

"Leo pia, baba. Bado hajavaa. Viko kwenye mfuko wa spika, viligongana alipouweka mezani."

Mfuko ulikuwa pale pale. Kisigino kimoja kilikuwa kinachungulia.

"Mwalimu," akasema Mzee Nyagawa, taratibu kama hakimu, "hebu toka nyuma ya meza."

Nikatoka.

Kahawia. Bluu. Na kidole.

Sitawaeleza kicheko kile. Mama mmoja alishuka kwenye benchi akakaa sakafuni kabisa. Watoto wangu, niliowafundisha kwa mikono yangu, walikuwa wanapiga madawati. Mwalimu Mkuu alikohoa mpaka nikadhani safari hii ni kifua kweli.

Wa mwisho kucheka alikuwa Bwana Shabani. Kwanza aliuweka ule mkoba chini, pale pale alipouokota, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Yule mwalimu wa kwanza," akasema, "alikuwa anaandika mambo ya kunifurahisha mimi. Hakuna mwalimu duniani anayeweza kujiandikia mambo kama haya." Akamwekea Zuhura mkono kichwani. "Ni yako, mama. Ni yako kabisa. Abaki, Mwalimu."

Halafu ndiyo akacheka. Akavua kofia akajifuta macho nayo. Kwa haki, nadhani yale machozi hayakuwa ya kicheko yote. Zuhura naye akaachia pumzi ambayo nadhani aliishika tangu wiki iliyopita. Alikuwa anatabasamu upande wangu, si sawasawa usoni, kidogo pembeni, pale nilipokuwa nimesimama kabla sijatoka nyuma ya meza. (Soksi hazikuwa zimepiga kelele ya kutosha.)

Kabla ya kufunga kikao Mzee Nyagawa aliziinamia spika. "Asante sana, Bwana. Umesema kweli tupu." Mashine haikujibu. Akaridhika, akasema wazee wa zamani walikuwa hivyo, wakimaliza wamemaliza.

Wazazi walipoondoka nikaenda ofisini, nimevaa viatu, ko! ko! ko!, kuomba radhi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Mwalimu Mkuu akanitazama juu ya miwani.

"Kesho saa moja na nusu, Mwalimu."

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Na ile tangawizi," akasema, akirudi kwenye makaratasi yake, "usiache kuleta."

Nikarudi kusahihisha. Kazi ya Zuhura nikaipa kumi na tisa kati ya ishirini. Nikakaa nayo mbele yangu, natafuta sababu ya kumnyima ile alama moja. Nilitafuta kwa bidii, nakiri. Sikupata chanzo chochote. Nikampa.

Basi ndiyo hivyo, ndugu zangu. Somo nililopata ni kwamba ukiwafundisha watoto kutafuta ukweli, uwe umevaa viatu. Naomba msicheke. Na kama mtashindwa kabisa, basi chekeni polepole, kwa sababu yule mtoto anasikia.